Skrubu ya Nne Shingoni mwa Sylus Mwabili

Mchungaji, wazee wetu, mama mjane, watoto wa marehemu, majirani mliotoka Mwakingali kule Voi na nyinyi nyote mliopanda mlima huu tangu alfajiri kumsindikiza ndugu yetu, mimi ni Ronald, ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kabla sijaanza, naomba kila mwenye programu mkononi afungue ukurasa wa tatu, atafute pale palipochapishwa kwamba marehemu alifariki "kutokana na chuma cha shingoni kulegea", na kama ana kalamu aukate huo mstari, kama hana aukunje ukurasa, kwa sababu mstari huo ni wa uongo. Donald, mtoto wa marehemu, aliuandika kama alivyoambiwa, simlaumu, na uongo wenyewe ulianzia wapi na nani aliuanzisha nitasema nikifika mahali pake, sitaruka.

Mwendesha shughuli amenipa dakika kumi na ameshaangalia saa mara mbili, mwacheni aangalie. Pale mstari wa kwanza amekaa Mzee Kitheka, rafiki wa marehemu tangu ujana wao kwenye reli, mnamwona amevaa kola nyeupe ya hospitali shingoni, na mkewe Kavinya ndiye anayemshikia kikombe, kwa kuwa mikono yake haishiki tena. Kitheka ana kitanda cha upasuaji Mombasa Jumanne hii inayokuja, tarehe 23 Septemba, awekewe chuma kilekile alichowekewa kaka yangu, na daktari amemwambia waziwazi kwamba akikosa kitanda hiki mwingine ni mwakani, na mwakani huenda miguu isiwepo ya kumpeleka. Kitheka amesema haendi, Kavinya amesema haendi, na sababu yao ni huo mstari wa ukurasa wa tatu, kwa hiyo nitasoma historia yote, mwanzo hadi mwisho, na mtu akichoka kiti ni chake.

Marehemu Sylus Mwabili alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Chawia, katika boma hili mnaloliona, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mwabili na marehemu Mama Wakesho, na mama alikuwa akisema kwamba siku hiyo mvua za masika zilikuwa zimeanza, njia ya kwenda Mwatate ilikuwa tope tupu, mkunga alifika mtoto ameshalia. Tulizaliwa watoto watano, tumebaki wawili, mimi na dada yetu Wakio aliyekaa na mjane. Tangu utoto Sylus alikuwa mtu wa kukagua, ukimpa kimanga, ile mihogo iliyopondwa na maharagwe, alikichambua kwanza kama maharagwe yameiva, ukifunga mbuzi yeye atakwenda nyuma yako aifungue kamba aifunge upya, na kwa jambo hilo nilipigana naye zaidi ya mara moja.

Alianza shule ya msingi hapa Chawia Januari 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974 na kupita vizuri, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili mwishoni mwa 1976, ndipo baba yetu akafariki na masomo yakaishia hapo, akarudi nyumbani kulima ili sisi wadogo tule. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwenye gunia la mbegu, kwa mkaa, kwa hiyo nikiwasomea leo, ujueni kwamba ninatumia mali yake.

Tarehe 3 Mei 1983 aliajiriwa na shirika la reli katika gengi la Maktau, yaani kikosi cha watunza njia, kwenye ile njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, na huko ndiko alikokutana na Kitheka, kijana aliyekuja kutoka Kibwezi na sanduku moja, wakawa kama pete na kidole kwa miaka ishirini na mitatu. Kazi yao ilikuwa kutembea njia kila siku na nyundo na spana ndefu, kuangalia mataruma na yale mabamba ya chuma yanayounganisha reli na reli, na kila bamba lina bolti zake, unaigonga bolti kwa nyundo, ikiwa imekaza inalia kama kengele, ikiwa imelegea inajibu kama mtu mwenye usingizi. Mwaka 1991 alihamishiwa Voi na kufanywa nyapara wa gengi, na jina hilo Kitheka hakuliacha tena, hadi juzi alikuwa akimwita Nyapara. Kwa miaka yote ya unyapara wake hakuna treni iliyoanguka kwenye kipande chake, na alikuwa na sheria moja ambayo kila kijana wa gengi aliijua kwa moyo, kwamba bamba jipya likishafungwa na treni za kwanza zikapita lazima mtu arudi akaze bolti upya, maana mtikisiko hulegeza kila kitu alichofunga binadamu. Shikeni sheria hiyo, tutaihitaji. Alistaafishwa mwaka 2006 wakati wa mageuzi ya reli, akabaki Voi, akilima mboga Mwakingali na kutusaidia sote wenye vitu vya kurekebishwa.

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa kanisani Mwatate na Tryphena, binti wa Wundanyi, na Kitheka ndiye aliyemsimamia, akasema mbele ya wakwe kwamba huyu bwana hana maneno mengi lakini mlango wenu hautalia bawaba maisha yote. Mungu aliwajalia watoto watatu, Wakesho aliyezaliwa 1988 na kupewa jina la bibi yake, ambaye ni mwalimu Taveta, Donald aliyezaliwa 1991 ambaye ni dereva wa lori, na Shanice aliyezaliwa 1997 ambaye yuko Mombasa, pamoja na wajukuu wanne, na mkubwa wao tayari anakagua mbuzi kama babu yake.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba mtulie.

Mwishoni mwa mwaka 2017 marehemu alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, akiangusha spana, akitembea kama mtu anayevuka mto wenye mawe, tukadhani ni uzee, wengine wakadhani ni pombe ilhali hakunywa tangu 1994, mwisho tukampeleka Mombasa, akapigwa picha kwenye ile mashine kubwa, na daktari wa mifupa na mishipa, Daktari Ndambuki, akatuonyesha kwamba kile kisahani laini kilicho kati ya pingili mbili za shingo kilikuwa kimetoka mahali pake na kuukandamiza uti, ule mshipa mkuu unaopeleka amri mikononi na miguuni. Alisema ataingia kwa mbele ya shingo, atoe kisahani, aweke kipande cha mfupa kutoka nyonga, kisha afunge pingili zile mbili kwa bamba dogo lisilozidi stempu ya barua na skrubu nne. Mimi nilimuuliza kwa ukali, kwa sababu sipendi kuzungushwa, nikasema daktari, niambie kinachoweza kuharibika, chote, usinichagulie. Naye akanijibu bila kuzungusha, kwamba sauti inaweza kukwaruza, kumeza kunaweza kuwa kugumu kwa muda, mshipa wa damu uko karibu, uti wenyewe uko karibu zaidi, kidonda kinaweza kuingia usaha, skrubu inaweza kulegea au bamba kuvunjika, kwamba kwa wagonjwa wengi hayo hayatokei na kwa wachache yanatokea, na kwamba tukimwacha bila kumpasua yeye anajua kwa hakika zaidi kitakachotokea. Nikaweka sahihi kama ndugu.

Alipasuliwa Jumanne ya tarehe 12 Juni 2018, akatoka salama, akakaa siku nne wodini, sauti imekauka, Shanice akamwambia, "Baba, unaongea kama jogoo mwenye mafua," naye akacheka akishika koo. Siku ya kuruhusiwa alimuuliza daktari swali ambalo ni yeye tu angeuliza, akasema, "Daktari, nirudi lini mnikaze?" Daktari hakuelewa, akaelezwa habari ya bamba la reli na treni za kwanza, akakaa chini kitandani akamwambia, "Mzee, hizi hazikazwi tena. Skrubu zangu zinashikilia tu, kama mtu anayeshika mlango huku fundi akipaka simenti. Mfupa wako ndio simenti. Ukishaota ukaunganika, hata ningekitoa chuma chote, shingo ingebaki imeshika. Lakini nipe miezi mitatu. Kola usivue, na usiinue kitu kizito kuliko birika la chai." Tulipofika Voi, Kitheka aliambiwa maneno hayo akakataa kabisa, akasema, "Nyapara, bolti isiyokazwa mara ya pili ni bolti ya kuanguka. Hao wamekufunga wakakuachilia hivyo? Nyinyi Wataita mnaonewa sana!" Tukacheka wote watatu.

Siku ya kumi na nane, Jumamosi ya tarehe 30 Juni, kinu changu cha kusaga unga kule Sofia, Voi, kilikufa. Injini ilikuwa imepasua gasketi, wateja wamepanga ndoo mpaka barabarani, kijana wangu wa kazi hakuja, nami nilikuwa nimewaka, mnanijua nikiwaka. Sylus alikuwa amekuja kunisalimia, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kola yake. Nilimwambia anishikie upande mmoja tuishushe injini kutoka kwenye msingi wake, akasema, "Ronald, daktari amesema birika la chai." Nikamwambia maneno ambayo nimeyabeba kwa miaka saba, nayasoma kama nilivyoyasema, nilimwambia, "Si umefungwa chuma? Chuma kinaumwa? Amka bwana, usinidekee." Kaka yangu akavua kola, akaiweka juu ya ndoo ya mteja mmoja, akainama, tukainua injini, tukaishusha, akasimama akaishika shingo yake hivi.

Siku tano baadaye, Alhamisi ya tarehe 5 Julai, mate yalikuwa yakimkwama akimeza, tukarudi Mombasa, ikapigwa picha, na Daktari Ndambuki akaiweka kwenye taa, akatuonyesha kwamba skrubu tatu ziko mahali pake na ya nne, ile ya chini kushoto, imerudi nyuma kidogo, kiasi cha unene wa kucha, akageuka akamuuliza kaka yangu, "Mzee, umebeba kitu?" Na kabla Sylus hajafungua mdomo mimi nilijibu, nikasema, "Hajabeba kitu, daktari, hata kikombe." Sylus akaniangalia, kisha akaangalia sakafu, akasema, "Kama alivyosema mdogo wangu." Daktari aliikagua ile picha kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe, akasema labda hakuipata vizuri ile ya nne, labda mfupa ulikuwa laini, akatupa njia mbili, kumfungua tena, au kusubiri na kola kwa miezi mitatu mingine akipigwa picha kila mwezi, na kwamba skrubu ikizidi kutoka inaweza kulitoboa koo. Miezi ile mitatu kaka yangu alilala chali, anakula uji, na kila mara akikohoa nyumba nzima ilisimama.

Skrubu haikusogea tena. Picha ya mwaka mmoja, Juni 2019, ilionyesha mfupa umeota na kuunganika, vifungo vya shati akavifunga mwenyewe, akarudi kulima, na daktari akamwambia asirudi tena ila kusalimia. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema. Niliporudi Voi na kuulizwa na watu kwa nini Sylus amerudishwa hospitali, nilisema skrubu imelegea yenyewe, nikasema madaktari hawa na vyuma vyao, nikasema pale kinuni, nikasema kanisani, nikasema mbele ya Kitheka, na Kitheka akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Sikuwaambia? Haikukazwa!" Tangu siku hiyo mtaa wote ulijua kwamba chuma cha shingoni kinalegea chenyewe, na sisi wa nyumbani, hata mfupa ulipokwisha kuunganika, tuliishi tukiitazama shingo ya Sylus. Akiumwa kichwa ni shingo, akichoka ni shingo. Mwaka huu tangu Mei alikuwa akisimama katikati ya kupanda ile njia ya bombani, anashika kifua, anahema, na mkewe Tryphena, tunayemwita Mama Wakesho kwa jina la bintiye, akamwambia aende apimwe, mimi nikasema ni ile skrubu, inabana pumzi, apumzike tu. Nani amenipa udaktari? Kujifundisha injini peke yangu kulinifanya nidhani kwamba kila kitu nitakijua kwa kukitazama.

Alhamisi ya tarehe 11 Septemba 2025, saa moja na robo asubuhi, marehemu alitoka kumwagilia sukuma, akaketi kwenye ngazi ya mlango, jasho likimtoka kama mtu aliyenyeshewa, akashika shingo na taya akasema, "Shingo, Mama Wakesho, shingo yangu." Mama Wakesho alinipigia, nilifika na pikapu yangu kwa dakika tano, Kitheka akaja kutoka ng'ambo ya uzio akijikokota na fimbo, na mimi niliyefika wa kwanza ndiye niliyetoa amri, nikasema skrubu imetoka, mtu asimsogeze, itafutwe ile kola. Kola ilikuwa haijaonekana tangu 2018. Tulipekua kabati, tukapekua sanduku, tukaipata chini ya cherehani, na muda huo wote kaka yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi anasema mkono wa kushoto unamuuma, nami nikamwambia, "Tulia, ni shingo inavuta." Tukamvisha kola, tukamlaza kwenye ubao, tukamfunga kwa kanga, tukampandisha kwenye pikapu, na nikaendesha polepole, polepole sana, kila tuta nikisimama kabisa, Kitheka amekaa nyuma ameshika kichwa cha Nyapara kwa ile mikono isiyoshika, akigonga bodi na kupaza sauti, "Taratibu, Ronald! Usimtikise!" Mwendo wa dakika kumi hadi hospitali ya Voi ulituchukua karibu nusu saa. Daktari kijana wa zamu alimtazama mara moja tu, akaikata ile kola kwa mkasi, akauliza, "Huyu ni moyo. Nani amewaambia ni shingo?" Walimpigania. Alifariki saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Nani amewaambia ni shingo? Mimi.

Jumatatu ya tarehe 15 uchunguzi wa maiti ulifanywa, mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na niliomba kwa mdomo wangu shingo ipigwe picha nyingine kabla hatujamchukua. Skrubu zote nne ziko ndani, ile ya nne imesimama palepale iliposimama mwaka 2018, mfupa umeifunika. Picha hiyo ninayo hapa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na ile ya Julai 2018, baada ya maziko nitaziweka juu ya ile meza ya vitabu vya rambirambi, anayetaka kuona aone, lakini asiondoke nazo. Kaka yangu hakuuawa na chuma. Mshipa ulioziba ungeweza kumchukua hata tungewahi, daktari yule kijana alisema hivyo kwa huruma, ila pia alisema kwamba saa ya kwanza ndiyo saa ya kuokoa mtu, na saa ya kwanza sisi tulikuwa chini ya cherehani.

Baba mdogo Gibson, juzi ulisema kwenye kikao kwamba chuma kitolewe kabla ya kuzika, kwamba mtu aende alivyokuja, si kama mkokoteni, nami nikakujibu kwamba basi na wewe siku yako tutayatoa meno ya dukani. Kwa jibu hilo naomba radhi mbele ya watu, hasira yangu ilitangulia. Lakini chuma hakitoki. Amekibeba miaka saba, kimemshikia shingo mpaka mfupa wake ukashika wenyewe, ataenda nacho.

Mlio na wasiwasi kwamba namwaibisha mjane kwa kusoma haya, jana asubuhi nilikwenda jikoni nikamweleza Mama Wakesho yote, injini, daktari, kila kitu, akiwa anakaanga vitunguu vya wageni. Aliviacha vikaungua. Nilidhani atanipiga na mwiko, na ningesimama nipigwe. Akasema, "Miaka saba nimelala nikimsikiliza anavyomeza, Ronald. Miaka saba." Kisha akasema, "Yeye alijua nani aliinua ile injini, na hakuniambia, alikufichia. Sasa mimi sitakufichia. Kaisome. Na Kitheka awe amekaa mbele." Ndiyo maana Kitheka amekaa mbele.

Kitheka, shemeji Kavinya, sasa nasema na nyinyi na wengine wasikie. Sitawaambia kwamba chuma hakina hatari, aliyewaambia hivyo awaambie yeye, mimi nimewasomea hatari zote kama nilivyosomewa na Daktari Ndambuki, na mtazisikia tena kwa mdomo wake, mumuulize hadi achoke. Ninachowaambia ni kwamba ile skrubu haikulegea yenyewe. Ililegezwa, na aliyeilegeza ni mimi na injini yangu, siku ya kumi na nane, mfupa ukiwa bado haujaota. Kitheka, wewe ulisema bolti isiyokazwa mara ya pili itaanguka, na kwa reli ni kweli, lakini reli haioti nyama wala mfupa, Nyapara mwenyewe alilielewa hilo kabla yetu, alitaka kukueleza, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Na ulimwona akifa umemshika kichwa, najua, ukaapa kwamba wewe hutafungwa chuma hicho. Ulishika kichwa cha mtu anayekufa kwa moyo. Ile barua ya kitanda uliyomrudishia Daktari Ndambuki, nilimpigia simu jana saa nne, nikamwambia na yeye ukweli wa mwaka 2018, akasema, "Nimeitafuta ile skrubu kichwani mwangu miaka yote hii." Kisha akasema kitanda hakijapewa mtu, atakishikilia mpaka Jumatatu adhuhuri, apate jibu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi waliompigania kaka yangu, nao hawakutusimanga tulipochelewa, namshukuru Daktari Ndambuki aliyempa miaka saba ya kufunga vifungo vyake mwenyewe, akapata malipo ya kusingiziwa, nawashukuru majirani wa Mwakingali walioacha shughuli zao siku tisa hizi wakateka maji na kupika, akina mama wa kanisa, vijana waliochimba kaburi kwenye mwamba huu, pamoja na wazee wa gengi la zamani waliotoka Maktau, Mwatate na Taveta, nawaona mmekuja na nyundo yake, mtaiweka ndani, tumekubaliana. Namshukuru Mama Wakesho. Wakesho, Donald, Shanice, baba yenu alinisamehe siku ileile pale kliniki, akiangalia sakafu, nyinyi chukueni muda wenu.

Kavinya, tukimaliza kufukia nitakuwa nimesimama karibu na pikapu, ile ile, njoo uniambie ndiyo au hapana, nitaheshimu jibu. Ikiwa ni ndiyo, Jumatatu asubuhi na mapema nitakuwa mlangoni kwenu, kola ya Kitheka itakaa shingoni mwake miezi yote watakayotaka, hatainua hata birika, nitakuja mwenyewe kuwatekea maji na kuwabebea kuni na chochote kizito, na injini yangu itashushwa na winchi. Na kwenda Mombasa nitaendesha kama mtu anayejua anakokwenda, si kama siku ile.

Kaka, umekagua njia za watu maisha yako yote, hii ya kwako tumeikagua sisi, tukachelewa. Bamba limeshika. Pumzika kwa amani, Nyapara.